Sita kushoto, tatu kulia

Goma, Mabanga
Alhamisi, 30 Mei 2024

Yaya Clotilde, dada yangu,

Barua hii itakufikia ikinuka jibini, usishangae. Nimempa mama Nyirakamana, yule jirani anayepanda boti kila Ijumaa kupeleka jibini ya Masisi huko kwenu Bukavu na kurudi Goma kila Jumanne. Ameapa ataiweka juu ya mzigo, lakini namjua, ataichomeka popote penye nafasi.

Mama ni mzima, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi. Habari yenyewe ni hii: muzee Sibomana amefungua tena ukumbi wake wa michezo pale Mapendo, baada ya miaka miwili ya kufuli. Ameongeza skrini mbili mpya, viti ni vile vile vya kuchoma makalio, na mchezo unaojaza watu ni ule ule wetu wa vipande vinavyoanguka. Jina lako bado liko ukutani kwa rangi nyeupe: CLOTILDE, BINGWA. Mtu akiingia analiona kabla hajaniona mimi. Nikishika manette, kile kidude cha vibonyezo, wanaanza: "Uyu njo mudogo ya Clotilde!" Nina miaka kumi na tisa, yaya, na pale ndani bado sina jina.

Tarehe 27 Julai kuna shindano. Sibomana amesema ukuta ni mmoja na jina ni moja, atakayeshinda ndiye atakayeandikwa. Nataka niwe mimi. Nifundishe ulivyokuwa unacheza. Simu yako hiyo ndogo haipokei picha, na kwa mdomo mambo haya hayaelezeki, kwa hiyo nimekuwekea karatasi kumi za daftari la hesabu, zile zenye vijumba. Nichoree kama ulivyokuwa ukinichorea zamani mezani, mama akidhani tunafanya hesabu.

Mdogo wako,
Aurélie

*

Bukavu, Kadutu
Jumatatu, 3 Juni 2024

Aurélie,

Barua imefika na imenuka kweli. Cirimwami aliipokea mlangoni, akauliza ni nani ametuletea jibini bila jibini. Nilipomwambia ni mambo ya ule mchezo, akacheka mpaka akavua miwani. "Clo, ile ni mambo ya batoto. Sasa uko bibi ya mutu." Hakusema kwa ubaya. Mume wangu ni karani, kitu kisicho na muhuri kwake ni cha watoto. Lakini tangu nije hapa sijakutana na mtu hata mmoja anayejua kwamba niliwahi kuwa bingwa wa chochote. Mimi ni mke wa Cirimwami, yule wa nyumba ya bati jekundu.

Haya, mwanafunzi. Karatasi ya kwanza. Sanduku la mchezo lina vijumba kumi kwa upana. Jenga safu tisa kuanzia kushoto, ya kumi ya kulia iache wazi mpaka chini kabisa. Hicho ndicho kisima. Ile fimbo ndefu ikija, idondoshe kisimani, mistari minne inafutika kwa mpigo mmoja, na mpinzani wako anasukumiwa takataka kutoka chini hadi apumue kwa shida. Karatasi ya pili: juu pawe tambarare. Ukiona unajenga milima na mabonde, umeshakufa, hujazikwa tu. Karatasi ya tatu: usifunike shimo kwa haraka ya kupendeza watu. Na kipande ulichoshika usikiangalie, hicho umekwisha kukiona. Angalia foleni ya pembeni, vile vitano vinavyofuata.

Fanya hayo wiki mbili, usiongeze kitu. Umekaa kiti kipi? Kile cha karibu na dirisha kilikuwa changu. Nauliza tu.

Yaya wako,
Clotilde

*

Goma, Mabanga
Alhamisi, 20 Juni 2024

Yaya!

Nimekaa kiti hicho hicho, cha dirishani. Sibomana mwenyewe alinikalisha.

Sijui nianzie wapi. Karatasi zako nimezibandika ukutani juu ya kitanda, mama anadhani nimeanza kusomea ramani za nyumba. Ile habari ya foleni ndiyo iliyonifungua macho. Sasa naviona vipande kabla havijafika, hata sufuria za mama nazipanga kwa kisima. Jumamosi nilimshinda Gauthier wa Munigi mara mbili mfululizo. Gauthier huyo wote wanamwogopa, ana vidole virefu na hasemi kitu akicheza. Alipoinuka alinipa mkono. Watu walisimama nyuma ya kiti changu mpaka mlangoni, na Sibomana akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Ata yaya yake hakukuwa anaona mbali hivi. Uyu mutoto atamupita."

Nilitaka uisikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Usikasirike, unamjua muzee anavyopenda kukuza maneno. Ila siku ile, yaya, hakuna aliyesema mdogo wa nani. Walisema Aurélie.

Nipe kitu kikubwa zaidi sasa. Haya ya mwanzo nimekwisha kuyameza.

Aurélie

*

Bukavu, Kadutu
Jumatatu, 24 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa sana,

Hongera, hongera tena. Furaha niliyopata siwezi kuieleza. Mama Nyirakamana naye kanisimulia mambo yako kwa mikono na macho, mpaka akasahau kunipa chenji yangu.

Kwa kuwa umeyameza ya mwanzo, nakupa kile ambacho sijawahi kumpa mtu. Angalia karatasi ya nne, nimeipaka rangi. Tunaiita sita-tatu. Kisima hakikai tena pembeni. Unajenga safu sita kushoto na safu tatu kulia, na katikati yao, safu ya saba, ndiyo unayoiacha wazi. Unaona faida? Vipande vinatokea katikati, basi havina safari ndefu ya kwenda ukutani. Vidole vinabonyeza kidogo, unakuwa mwepesi kuliko mtu yeyote anayejenga kwa tisa. Karatasi ya tano hadi ya saba zinaonyesha kila kipande kinalala wapi upande wa safu sita, na kipi kinaufaa upande wa safu tatu. Zisome moja moja.

Hivyo ndivyo nilivyopata jina lile ukutani. Mimi ilinichukua wiki moja kuzoea, na wewe una akili kuliko mimi, muzee amesema. Ila ukianza, usirudi tena kwenye kisima cha pembeni, hata kwa siku moja. Ukichanganya, mikono inapotea.

Nakubusu mashavu yote mawili,
Yaya wako akupendaye,
Clotilde

*

Goma, Mabanga
Alhamisi, 11 Julai 2024

Yaya,

Wiki moja imepita, ya pili nayo imepita. Nina ubovu gani?

Nafuata karatasi zako kama misa. Upande wa sita unakwenda vizuri, nikigeuza jicho upande wa tatu umekwisha kuota pembe. Nikiunyoosha wa tatu, wa sita umeshashika shimo. Ninakuwa kama mtu anayepika sufuria mbili na mwiko mmoja. Juzi kamtoto ka shule kalinifunga, kakaniomba radhi. Wale waliokuwa wanasimama nyuma ya kiti sasa wamehamia kwa Gauthier. Jana mmoja akasema, na hakujali kama nasikia: "Damu moja, lakini mukono si moja."

Nilimwambia Sibomana ni njia yako. Akakuna kidevu, akasema hakumbuki ilikuchukua muda gani, yeye kazi yake ilikuwa kuuza saa za kucheza. Gauthier naye aliniambia, "Rudia kule kwa zamani, ulikuwa muzuri." Nikamjibu kwamba dada yangu anajua zaidi yake.

Zimebaki siku kumi na sita. Niambie ukweli, nirudi kwenye kisima cha pembeni au niendelee? Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Aurélie

*

Bukavu, Kadutu
Jumatatu, 15 Julai 2024

Aurélie,

Nina haraka, wageni wa Cirimwami wako sebuleni na mimi ndiye mwenye kuwapakulia.

Endelea. Mwanzo mgumu kwa kila mtu. Usimsikilize Gauthier, mpinzani hawezi kukupa shauri la kukusaidia. Pumzisha vidole, kula vizuri. Msalimie mama, mwambie nitamtafutia dawa ya goti.

C.

*

Bukavu, Kadutu
Ijumaa, 26 Julai 2024

Aurélie,

Shindano ni kesho. Mama Nyirakamana anarudi Goma Jumanne. Najua hesabu hiyo, wala usidhani nimeisahau: barua hii utaisoma mambo yakiwa yamekwisha. Ndiyo maana nimeweza kuiandika.

Sita-tatu haikunichukua wiki moja. Ilinichukua miezi mitano. Mwezi wa kwanza na wa pili nilifungwa na kila mtu, hata na mwanamke aliyekuja kumwita mwanawe nyumbani akashika manette kwa kunitania. Wewe ulikuwa shule, hukuona. Kila anayejifunza sita-tatu huvunjika kwanza, ndipo anajengeka. Karatasi nilizokuchorea ni za kweli, kila kijumba kiko mahali pake, nilizichora kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka huu. Uongo ulikuwa ile wiki moja tu. Nilijua una wiki nne na siku chache, na nilijua zitakutosha kuvunjika na hazitakutosha kujengeka.

Niliona wivu. Sitatafuta neno lingine. Nilisoma "atamupita" nikaenda uani kufua nguo zilizokuwa safi. Sikuwa na hasira na Sibomana, nilikuwa na hasira na wewe, na kiti chako cha dirishani, na mkono aliokupa Gauthier. Mimi nina bati jekundu, sahani za wageni na mume anayenivulia miwani. Kitu changu kimoja duniani kiko ukutani Mapendo, na wewe uliniandikia kwa furaha kwamba unakuja kukifuta, ukaniomba nikushikie ngazi.

Jumatano nilikupigia simu. Nilikuwa nimeyapanga maneno: acha sita-tatu, rudi pembeni, bado siku tatu, mikono itakumbuka. Ukapokea, ukasema "Yaya!" kwa sauti ile yako ya kuamini, na mimi nikakuuliza mama amepika nini. Ukasema sombe. Tukaongea sombe mpaka unite zangu za simu zikaisha. Nilikaa na simu mkononi, dukani kwa kuongeza unite ni hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Sikwenda.

Sijui uniite nani baada ya hapa.

Clotilde

*

Goma, Mabanga
Alhamisi, 1 Agosti 2024

Clotilde,

Barua yako imefika Jumanne. Nimeisoma mara moja.

Mzunguko wa kwanza nilipita kwa bahati. Wa pili nilikutana na Gauthier. Watu walikuwa wengi, mama alikuja na goti lake, akaketi mbele, alikuwa hajawahi kuingia mle. Nilicheza sita-tatu. Dakika ya pili mlima wa kulia ukafunga kisima, fimbo tatu zikaja mfululizo na sikuwa na pa kuzitia. Nilizilaza kama maiti. Sibomana akanong'ona nyuma yangu: "Mutoto, rudia pembeni, rudia pembeni." Nilimsikia. Sikurudi, kwa sababu ulisema nisirudi hata kwa siku moja. Nilidhani kuna kitu unakijua ambacho mimi sijakifikia bado.

Mama akaniuliza njiani, "Sasa ile minara yote ulikuwa unajengea nani?"

Gauthier ndiye bingwa. Jumatatu Sibomana alipaka chokaa juu ya jina lako na kuandika la kwake. Kwa hiyo halipo lako wala langu, kama ulitaka kujua ulichookoa.

Na mimi nikuambie langu, tusibaki na deni. Brashi nilikuwa nimekwisha kuinunua. Nilimwomba Sibomana kwamba nikishinda nikufute mwenyewe, kwa mkono wangu, yeye akae pembeni. Nilikuwa nikilifikiria jambo hilo kitandani kila siku, herufi moja moja, nikianzia mwisho. Toka niko mdogo mama akinishonea nguo anaanza na "Clotilde alikuwa anapenda hivi". Ulipoolewa nililia, watu wakasema anampenda dada yake. Nililia kwa sababu hata kuondoka uliondoka vizuri kuliko mimi.

Lakini mimi nilitaka kukushinda. Wewe ulitaka nishindwe. Hayo mawili si kitu kimoja. Usiniandikie.

Aurélie

*

Bukavu, Kadutu
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Aurélie,

Umesema nisiandike. Nimeweka dawa ya mama ya goti, anywe baada ya kula, asubuhi na jioni. Kuna karatasi ndani kwa sababu mama hawezi kusoma maandishi ya mfamasia.

Umesema kweli, hayo mawili si kitu kimoja.

Clotilde

*

Goma, Mabanga
Alhamisi, 12 Desemba 2024

Yaya,

Mama anashukuru kwa dawa zote nne, za kila mwezi. Nilikuwa nampa bila kusema lolote, naye alikuwa akimeza bila kuuliza. Goti limepoa kiasi.

Nitasema haraka kabla sijabadili mawazo. Sikuiacha sita-tatu. Mwanzo ilikuwa hasira. Nilitaka kuthibitisha kwamba karatasi zenyewe ni za uongo, nikupate na kosa la pili. Nikawa nakwenda ukumbini saa zile hakuna watu, nikafungwa Agosti yote, Septemba yote. Karatasi nilizibandua ukutani, lakini nilikuwa nimekwisha kuzijua kwa moyo. Oktoba upande wa tatu ukaacha kuota pembe. Mwishoni mwa Novemba niligundua siangalii tena pande mbili, naangalia sanduku zima, na vidole vinajua. Nikahesabu. Miezi mitano na siku mbili. Kosa la pili sikulipata.

Jumamosi nilimwambia Gauthier akae. Nilimfunga tano kwa moja. Hakuamini, akasema manette imeharibika, tukabadilishana, nikamfunga tena. Wakarudi kusimama nyuma ya kiti. Sibomana akaleta rangi palepale, si lazima kungoja shindano, ukuta ni wake.

Nimemwambia afunike kopo lake la rangi, asiandike kwanza. Gauthier anajenga kwa tisa na anajenga vizuri, lakini nikimshinda yeye nimeshinda nini? Kuna mtu mmoja tu aliyepita njia hii kabla yangu, naye anapakua chakula cha wageni Kadutu. Nimechoka kupigana na maandishi. Watu wakisema huyu amempita dada yake, nataka wawe wameona kwa macho, na wewe uwe umekaa pale.

Sijakusamehe. Nimeona niseme, usije ukadhani barua hii ni hiyo.

Jumamosi ya tarehe 21, saa nane mchana. Utalipa mlangoni kama watu wengine.

Aurélie

*

Bukavu, Kadutu
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Aurélie,

Nilikwisha kuandika barua nyingine kabla ya hii, yenye "nimefurahi sana" mstari wa kwanza. Nimeichana. Niliposoma tano kwa moja, kijiko kiliniganda mkononi. Cirimwami akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, mdogo wangu amenifikia. Akanitazama sana, akasema, "Basi wende umuone." Hakuvua miwani.

Miezi mitano na siku mbili. Mimi ilikuwa mitano na siku kumi na moja. Hilo nalo limenichoma, na nimeona nikuambie, kwa sababu lile nililolificha mara ya kwanza tumekwisha kuona lilipotupeleka.

Wewe ulinificha mazoezi yako, na mimi nilikuficha yangu. Tangu Septemba ninakwenda kwa vijana fulani huku Kadutu wenye mashine mbili nyuma ya kinyozi, kila Jumanne na Alhamisi, wakidhani nina wazimu. Wananiita mama. Vidole vimezeeka kidogo, ila jicho bado.

Ninapanda boti ya Ijumaa kuja Goma, mama Nyirakamana na jibini yake tutapishana ziwani. Usije bandarini kunipokea, tutaonana tukiwa tumeketi. Kosa langu nililikiri kwa mkono wangu na sitalikiri tena mbele ya watu, na wewe usiniachie hata mstari mmoja kwa sababu ya mama kuwapo. Mimi sitakuachia. Ukinifunga nitalia palepale kwenye kiti, najijua, na wote wataona. Usinibembeleze. Niache nilie mpaka niishe, halafu uniambie tucheze tena.

Clotilde